Pijo ya Maharusi

Severina alikuwa kwenye usukani akiwasubiri maharusi nje ya kanisa, injini ikinguruma, kijana mwenye damu usoni alipofungua mlango wa nyuma akajitupa ndani.

"Mama, niokoe! Sikuiba korosho zao mimi!"

Watu wenye marungu wakafika mbio kutoka upande wa soko la Newala. Nyuma ya gari njia ilikuwa bado nyeupe.

Gari lile, Pijo kuukuu, aliachiwa na marehemu baba yake. Tangu biashara iwe huria vipuri vilipatikana, lakini kwa bei ya kukata maini, na harusi ndizo zilizolitunza gari.

"Shikamoo, Mama," alisema mwanamume mmoja kwa adabu, akiwa ameinua shoka juu ya kioo cha mbele. "Tupe mwizi wetu."

"Toka," Severina alimwambia kijana.

Kijana aliking'ang'ania kiti cha Severina kwa nyuma. Severina alizisikia kucha zikizama kwenye kitambaa, karibu na bega lake. Akaokota spana sakafuni, akavipiga vile vidole. Akavipiga tena, mpaka mfupa ukalia na vidole vikaachia.

Wakamvuta kwa miguu. Alipiga kelele kidogo, kisha yakasikika marungu peke yake.

Mwenye shoka alirudi, akafuta damu kwenye boneti kwa mkono wa shati.

"Asante, Mama. Gari halina hata mkwaruzo."

Vigelegele vikapasuka mlangoni pa kanisa. Severina akashuka kuwafungulia maharusi.