Ua la Kahawa Ndani ya Barafu

"Kunywa, shoga. Umelia tangu alfajiri."

Mwasiti alipokea glasi kutoka kwa jirani yake, akaona kipande cha barafu chenye umbo la nyota kikielea ndani. Katikati yake liliganda ua jeupe la kahawa.

Mashine ile ndogo ya barafu mumewe aliinunua Ndola kwa ajili ya hoteli yao hapa Tunduma. Maua aliyachuma mwenyewe mashambani Ihanda, akatia moja katika kila nyota kabla maji hayajaganda. Jumatatu alimwambia, "Usizitoe mpaka nirudi, tuzinywe wote," akaondoka na lori la mafuta kwenda Zambia. Jana walimrudisha amefunikwa turubai.

"Nyingine ziko wapi?"

"Tumewapa wazee waliotoka makaburini, jua lilikuwa kali. Balozi wa nyumba kumi kazisifu kweli. Hiyo ndiyo ya mwisho, nimekufichia wewe."

Mwasiti aliitoa ile nyota kwa vidole, akaitia kinywani, akafumba midomo.

Wanawake waliingia mmoja mmoja kumpa pole. Hakumjibu hata mmoja.