Raundi Moja Tu

"Na hii haina breki?" Gachanja aliuliza akicheka, vidole vimebana usukani mdogo wa plastiki. Kwenye televisheni ya tajiri wake, vigari vyeupe vilimjia mbio, naye akavikwepa.

"Haina. Ni kukwepa tu," alijibu mke wa tajiri, aliyekuwa amesimama dirishani, juu ya gereji.

Gachanja, fundi wa gereji hiyo, alikuwa amepanda kunywa chai, akaambiwa ajaribu raundi moja ya mchezo huo mpya kutoka London. Chai ilikuwa imepoa zamani.

"Aa, fundi, yule mwalimu wa Peugeot alikuja ukiwa unashangilia. Nimempa funguo. Anateremka ule mteremko mkali wa Subukia na watoto."

Gachanja alitazama kidole gumba chake. Alama ya nati ilikuwa bado imechoreka pale. Nati ya paipu ya breki ya Peugeot ile. Aliikaza kwa vidole tu, akaacha spana juu ya tairi, akijua atarudi sasa hivi.

Aliachia usukani, akasimama ghafla. Kwenye televisheni gari lake liligonga, likazimika.

"Usishtuke hivyo, fundi," mama alisema akicheka. "Ukigonga unapewa lingine."