Kokoto za Kando ya Mfereji

Maryvonne alianguka pale njia ya baiskeli inapopinda kando ya mfereji. Hapakuwa na gari wala mtu. Mumewe alikuwa mbele sana, kama alivyokuwa tangu waanze safari yao Jumatatu, na miaka thelathini kabla ya hapo.

Alirudi taratibu, akashuka, akainama. Aliinamia gurudumu.

"Umenipindia rimu, bibie," alisema. "Si nilikwambia ushike breki ya nyuma?"

Maryvonne alitazama kiganja chake. Kokoto tatu nyeupe zilikuwa zimezama kwenye nyama, na damu ilikuwa ikizizunguka polepole. Akazichomoa kwa ukucha, moja baada ya nyingine. Mumewe hakuinua macho. Alikuwa akizungusha gurudumu na kulisikiliza.

"Linazunguka?" Maryvonne aliuliza.

"Linazunguka, ila spoki mbili zimelegea."

"Basi niachie."

Akafungua mikanda ya keria, akashusha nyasini hema, sufuria na chupa za mvinyo za mumewe.

"Unafanya nini sasa? Njia ni huku."

"Yako ndiyo huku," alisema. Akageuza baiskeli kuelekea stesheni ya treni waliyoipita asubuhi, akakanyaga pedali kwa nguvu, damu ikilowesha usukani.