Mahali pa Gurudumu

Salome alimshika mumewe mkono wakaingia bustani ya michezo. Yoeli alikuwa amepoteza kumbukumbu, hata mkewe hakumtambua tena, na Salome aliona ajaribu kumleta hapa walipokutana wakiwa vijana.

Lakini bustani yenyewe haikuwa ile. Farasi wa mbao walikuwa wameondolewa, na pale walipokuwa wakizunguka pamejaa mashine zenye taa na makelele. Gurudumu kubwa, lililowapandisha watu hadi wakauona mji wote, nalo halikuwepo. Palibaki sakafu ya saruji na benchi moja.

“Basi tupumzike kidogo,” alisema Salome, moyo umemwishia.

Walipokaa, Yoeli aliinua uso akalitazama anga tupu. Ghafla akaukamata mkono wa mkewe kwa nguvu.

“Usiogope, dada,” alimnong'oneza, kwa sauti ya kijana mwenye haya. “Usitazame chini. Bado kidogo tufike juu kabisa.”

Machozi yalimlengalenga Salome.

“Sitazami, kaka,” alijibu, akamsogelea, na upepo ukaanza kuupeperusha mtandio wake.