Panya Aliyelipuliza Gari

Bi Panya hakuwa mwizi, alikuwa mama. Alihamia ndani ya gari, pembeni ya injini, kwa kuwa kila jioni gari lilirudi na joto lake na wanawe wakalala bila kulia.

Shoga yake Mjusi, aliyekaa ukutani, akamwonya: "Kaa utakavyo, shoga, lakini waya usiziguse."

"Usinifunze kuuma," Panya akacheka. "Watu nawauma visigino wamelala fofofo, napuliza, hawashtuki. Gari ndilo litanishinda?"

Akazitafuna waya apate cha kuwatandikia wanawe, huku akizipuliza taratibu kama kisigino. Kweli, gari halikushtuka. Asubuhi mwenye gari akaliwasha, kimya. Akalipiga teke, akaenda zake kwa miguu. Jioni injini ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na watoto wakaanza kutetemeka.

"Nilipuliza, shoga!" Panya akalia. "Wallahi nilipuliza!"

"Najua," Mjusi akasema, akishuka ukutani amsaidie kuwahamishia watoto jikoni, penye jivu la vuguvugu. "Ulipuliza mpaka ukazima meko yako mwenyewe."