Picha Inayokwenda Ufuoni

"Wewe shika picha, mimi nishike goti," baba alisema, akamkabidhi binti yake mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

Gari la kukodi walikuwa wameliacha saa moja na nusu nyuma, pale lami inapokatikia. Tangu hapo ilikuwa ni mchanga, vichaka na jua la utosi. Binti alitoka zamu mbili mfululizo katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mikono yake bado ilinuka dawa ya kung'arishia mashuka. Alikuwa hoi. Lakini leo ndiyo ilikuwa tarehe yenyewe, na kila mwaka tarehe hii walikuja huku.

Ufuo ukajitokeza ghafla nyuma ya vichaka. Hakuna kibanda, hakuna unyayo wa mtu. Mchanga mweupe ulinyooka mpaka macho yakachoka kuufuata, mawimbi yalikuja marefu na kuvunjika bila haraka, na ndege walitembea majini kwa maringo ya wenye nyumba. Ulikuwa mzuri wa kumfanya mtu asahau miguu yake. Binti hakuupenda hata siku moja, maana ndio uliommeza mama yake.

Wakati huo alikuwa na miaka mitatu. Hakukumbuka kitu. Alichokuwa nacho ni maneno ya baba na ile picha.

"Asubuhi tulipiga picha, hapahapa," baba alizoea kusimulia. "Adhuhuri akaingia kuogelea. Hakutoka."

Waliketi kwenye jiwe lao la siku zote. Binti akafungua mfuko, akaitoa picha ikiwa ndani ya fremu yake ya kioo. Mama kavaa gauni la njano, kambeba mtoto kiunoni, nyuma yake bahari na mnazi ulioinama. Mnazi wenyewe haukuwapo tena. Baba alisema upepo uliung'oa zamani. Miguuni kwa mama palikuwa na vivuli viwili, kimoja kushoto, kingine kulia. Utotoni binti aliwahi kuuliza kwa nini. "Maji hurudisha mwanga," baba alimjibu, na nani wa kubishana na mpiga picha kuhusu mwanga?

Kwa miaka arobaini baba aliendesha studio ndogo pembeni ya duka la viatu. Mtaa mzima ulimwita Mzee Cheka, kwa kuwa hakubonyeza kamera mpaka mtu acheke. Alikuwa na mazoea ambayo hata homa haikuyavunja: kila picha iliyotoka mkononi mwake aliiandika nyuma kwa penseli, imepigwa wapi, kwa mwanga gani, nakala ngapi, na zimekwenda kwa nani. Hata picha ya mbuzi wa jirani iliandikwa. Binti alijifunza kusoma kwenye migongo ya picha za watu. Na katika watu wote hao, mmoja tu alimshinda baba kumchekesha, naye ndiye huyu mwenye gauni la njano.

Baba aliikabili bahari, akanong'ona maneno yake ya kila mwaka. Safari hii yalikuwa machache. Alipomaliza alikuwa akihema.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Naomba usiumie kwa hili." Alikuwa ameyapanga maneno haya wiki nzima akikunja mashuka, na bado yalimkwama. "Mwakani mimi siji. Nimechoka, baba. Miaka ishirini na sita nimekuja kwa ajili yako. Niliogopa nikikuacha uje peke yako, utaingia majini umfuate."

Baba aliendelea kuikodolea bahari macho. Binti aliona kabisa kwamba amemvunja mzee wake. Kisha mabega ya baba yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo ya maji.

"Kwa ajili yangu? Mimi nilikuwa nakuja kwa ajili yako! Goti hili limeshakufa, mwenzio nasema nivumilie, mtoto apate mahali pa kumlilia mama yake."

Walitazamana. Wa kwanza kucheka alikuwa binti, halafu wote wawili wakacheka mpaka wakashikana wasianguke. Ishirini na sita! Kila mmoja akimburura mwenzake juani. Binti alimpenda baba yake saa ile kuliko alivyowahi kumpenda.

"Basi yamekwisha," baba alisema.

"Yamekwisha, baba."

Mzee alisimama akachechemea kwenda kunawa uso. "Picha iache hapo," alisema bila kugeuka. "Nitaifunga mwenyewe."

Binti alitaka kumpunguzia kazi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa uchovu, na fremu ikamponyoka, ikagonga jiwe. Kioo kikapasuka. Akaduwaa. Kioo kile baba alikifuta kwa mkono wake mwenyewe miaka yote, hakuruhusu mtu mwingine akiguse.

Alikunjua upesi vimisumari vya nyuma ya fremu, akaichomoa picha kabla vipande havijaikwaruza. Haikuwa na mchubuko wowote. Alishusha pumzi, akaigeuza aipanguse mchanga.

Nyuma palikuwa na mwandiko wa baba, wa penseli, uliofifia kidogo: "Studio. Pazia lenye bahari, taa mbili. Nakala mbili: moja ya mtoto, moja anaondoka nayo mama yake."