Nyongeza

Bi Sikudhani aliitua kompyuta juu ya kaunta kwa kishindo, vioo vya duka vikatetemeka. Mkono wake wa pili ulishika kisu cha kupasulia samaki, magamba yangali yameganda.

"Zimefungwa humu nyimbo zote za marehemu mama yangu nilizoziandika. Kila nikizigusa, naambiwa nilipe."

"Programu ya kuandikia imekwisha muda, mama," alisema Harubu, mwenye duka.

"Uliponiuzia kompyuta hii ulinambia programu ni nyongeza."

"Ya majaribio. Mwezi mmoja tu."

Bi Sikudhani alimkamata ukosi, akamvuta mpaka mapaja yakagonga kaunta.

"Kila Ijumaa ukinunua nguru kwangu, nakutilia na konzi ya dagaa, nyongeza. Umewahi kuniona nikija kuwadai dagaa hao?"

"Hapana, mama."

"Basi leo nimewajia dagaa wangu."

Ncha ya kisu ikashuka taratibu kifuani, ikasimama juu ya kitovu.

"Fungua," alisema. "Au nifungue mimi."

Kifungo cha shati kikakatika, kikadondoka juu ya kibodi. Kioo cha kompyuta kikawaka: *Lipa ili uendelee.*